Tupeane uzoefu: pomboo wa peke yake akizoea watu bandarini

Bint Amu: Manahodha na wapiga mbizi, salaam. Mlango wa bahari wa Shela na Manda, hapa Lamu, pomboo hupita makundi kwa makundi, hilo halina mgeni. Nauliza juu ya yule anayejitenga, akaanza kufuata boti na kujisugua kwenye kamba za nanga. Afanyiweje? Hadithi za majini na mashetani tuziache.

Kapteni Shela: Injini kwanza. Pomboo wa aina hii hupenda kucheza kwenye mapovu ya nyuma, na hapo ndipo panga la injini linapomchana. Akitokea, punguza mwendo taratibu bila kukata kona, kisha weka nyutro. Usipige rivasi hata kidogo. Ngoja aibuke ubavuni umwone waziwazi, ndipo utie gia. Ukikuta boti nyingine imeshafika kwake, pita zako. Vijana wa boti za Mokowe, nasema na nyinyi.

Mzamiaji: Kwa waogeleaji: taya likigonganishwa, mkia ukipiga maji, au akikukinga usirudi botini, amechoka na wewe. Toka polepole, mikono karibu na mwili. Usimshike pezi, na tundu la pumzi pale utosini usiliguse kabisa. Brazil, 1994, watu walimpanda na kumsumbua pomboo aliyeitwa Tião mpaka akampiga mtu mmoja, mtu huyo akafa.

Mzee wa Jarife: Msimtupie samaki, hata dagaa mmoja. Akizoea mkono, kesho yuko kwenye wavu. Naye anavuta hewa kama sisi, akinaswa chini anakufa maji. Ukimkuta yu hai, legeza wavu, mmoja amshike utosi uwe juu ya maji, mwingine akate nyuzi, makali ya kisu yakielekea nje. Msimvute mkia, unateguka. Kabla ya kumwachia pitisheni macho shina la mkia na mapezi: uzi mmoja ukibaki, unaendelea kukata nyama kila anapoogelea.

Bint Amu: Lakini pomboo Fungie wa Dingle, Ireland, alikaa na watu tangu 1983 hadi 2020!

Kapteni Shela: Huyo ni bahati, yakhe, si kipimo. Cha maana ni picha: pezi la mgongo, kwa ubavu, jua likiwa nyuma yako. Mapengo ya ukingoni ndiyo kitambulisho chake. Akionekana na jeraha jipya, wapelekeeni KWS (Shirika la Wanyamapori Kenya) picha hiyo pamoja na saa na mahali.