Msaada: mapigo ya moyo hayapandi, na Kopa Test ni wiki mbili zijazo

Kadi Njano: Wakuu habari za jioni. Mimi ni mwamuzi wa soka ngazi ya wilaya, umri 34. Kopa Test tunatakiwa mita 2,400 ndani ya dakika 12, mizunguko sita. Naishia mitano na kitu. Kinachonishangaza, mapigo ya juu kabisa kwa dakika wanasema ni 220 toa umri, kwangu 186, ila saa yangu haivuki 130 hata nikitweta. Zoezi gani litapandisha mapigo?

Kiberenge: Acha bia.

Kadi Njano: Sinywi mkuu.

Mzee wa Kwata: Enzi zetu JKT mchakamchaka ulianza alfajiri, gogo begani, hakuna cha saa. Jamaa mmoja alikuwa anaimba mwanzo mwisho, sisi tunaitikia tukitapika. Vijana mmelegea.

Mama Shani: Juisi ya bitiruti mwanangu.

Fizio: 220 ni makadirio tu, mtu mzima wa afya anaweza kupishana nayo kwa mapigo 10 au zaidi. Ila 130 ukiwa hoi ni chini mno. Pima kwa vidole mkononi sekunde 15, zidisha kwa 4. Unatumia dawa yoyote?

Kadi Njano: Vidole navyo vinasema hivyo hivyo. Dawa za kawaida tu.

Fizio: Hizo za kawaida zinaitwaje?

Kadi Njano: Atenolo, ya presha. Sikuona inahusu. Hata hivyo nimeamua kuiacha mpaka test ipite, tangu juzi sijameza. Na leo nimekimbia vizuri!

Fizio: Ndiyo kazi yake hiyo, inazuia adrenalini isiharakishe moyo. Umekimbia vizuri kwa sababu breki imeachia. Ukiikatisha ghafla presha inaweza kurudi kwa kishindo, hata shambulio la moyo. Simamisha mazoezi, nenda kliniki, waambie umeacha lini na una test. Zipo dawa za presha zisizobana mapigo, lakini wa kubadilisha ni daktari.

Kadi Njano: Kamati ikisikia presha nimekwisha. Ni wiki mbili tu jamani.

Mama Shani: Mkeo anajua?

Kipenga: Hii chai. FIFA siku hizi wanapima mbio za mita 40 mara sita, halafu mita 75 kwa sekunde 15, unatembea 25 kwa sekunde 18, mara 40. Dakika 12 za nani? Tupia kitambulisho cha uamuzi.

Kadi Njano: Hizo ni za waamuzi wa kimataifa. Huku mkufunzi ana filimbi na saa moja, ungetaka afanyeje?

Kiberenge: Mwamuzi gani anaomba ushauri? Wale hawasikii hata uwanja mzima ukipiga kelele.

Fizio: Chai au si chai, atenolo haiachwi hivyo. Unaenda lini?

Kadi Njano: Jumatatu.

Fizio: Kesho.

Mzee wa Kwata: Daktari, samahani, mimi nameza amilodipini. Nayo inabana mapigo?

Fizio: Hapana mzee, hiyo inalegeza mishipa. Ila gogo waachie vijana.