Mjadala: Bando ndilo lituchagulie kivinjari?

Wakuu, kila ukizuka ubishi wa kivinjari kipi kinalinda faragha, jibu linaloungwa mkono na wengi ni hili: "Mwenye bando la kuungaunga hana muda wa faragha. Weka Opera Mini, maisha yaendelee." Napinga, tena kwa nguvu zote.

Opera Mini imetufaa tangu 2005, hilo silikatai. Lakini tazameni inavyobana MB. Ukiiweka kwenye "Extreme", hali yake ya kubana kupita zote, simu yako haiendi yenyewe kwenye tovuti. Ombi linapitia seva za Opera. Seva ndizo zinazofungua ukurasa, zinaukandamiza, kisha zinakuletea. Na ukurasa uliofungwa kwa usimbaji (ule wa https) haukandamiziki, lazima ufunguliwe huko njiani. Maana yake, ile siri kati yako na benki inakatikia katikati. Opera wenyewe walishawaandikia watumiaji wao jambo hili bila kuficha. Magazeti na matokeo ya ligi someni huko, hakuna neno. Nywila ya benki au ya barua pepe, hapana jamani.

Wengine mtasema, basi Chrome na dirisha fiche (Incognito). Dirisha fiche linafuta historia kwenye simu yako, basi. Atakayeishika simu hataona ulikopita, ila tovuti na kampuni ya mtandao wanaona. Google, wenye Chrome, ilishtakiwa Marekani mwaka 2020 kwa suala hilihili, na kwenye makubaliano ya 2024 ikakubali kufuta mabilioni ya rekodi. Dhidi ya wadukuzi Chrome iko imara, masasisho yake yanatoka haraka. Ila mwenye nayo anaishi kwa matangazo, na kukujua wewe ndiyo biashara yake.

Halafu hili la kwamba faragha inakula bando, mnalitoa wapi? Firefox ya Android inapokea uBlock Origin, programu nyongeza ya kuzuia matangazo, wakati Chrome ya Android haipokei programu nyongeza kabisa. Ukishaiweka, matangazo mengi na vifuatiliaji havipakuliwi, kwa hiyo MB zilizokuwa zinaishia kwenye video za matangazo zinabaki zako. Kivinjari cha Brave kinazuia hivyo tangu unapokifungua mara ya kwanza. Kina doa, najua: 2020 ilibainika kuwa kinapachika msimbo wa kamisheni kwenye anwani ya Binance, soko la sarafu za kidijitali, na bosi wake Brendan Eich akaomba radhi. Mozilla nayo, watengenezaji wa Firefox, sehemu kubwa ya mapato yake inatoka Google. Hata hivyo, kati ya hizo na kumwachia mtu wa kati afungue ukurasa wangu wa benki, sihitaji kufikiria mara mbili.

Kama kuna anayetetea kuingia benki kwa "Extreme", alete hoja yake hapa. Na nyie wenye simu za RAM ndogo, ambako Firefox inakuwa nzito, ndio ninaotaka kuwasikia zaidi: mnatumia nini?