Tupeane uzoefu: Ni siku gani uligundua kwamba ulimwengu siyo huu unaouona kwa macho?

Mpima Viwanja (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Mimi ni mpima ardhi, niko Dodoma. Mwaka juzi nilikuwa napima viwanja upande wa Ihumwa. Mzee mmoja mwenye shamba jirani akaja, akageuza ndoo, akakaa kuniangalia. Nimesimamisha kipokezi cha GPS juu ya bikoni, nasubiri kitulie. Akaniuliza: "Kijana, hicho kidude kinajuaje kuwa uko hapa na siyo pale kwenye mbuyu?"

Nikamwambia kinasikiliza setilaiti. Kila moja inatangaza saa yake, kidude kinapiga hesabu mawimbi yametumia muda gani njiani, kinapata umbali. Akanyamaza kidogo, kisha: "Na saa ya huko juu na ya hapa zinakwenda sawa?"

Wakuu, swali hilo nililifanyia mtihani chuoni na nikafaulu, lakini sikuwahi kuliwaza hata siku moja. Jibu ni hapana. Kule juu, kama kilomita 20,000, uvutano wa dunia ni hafifu, kwa hiyo saa inakimbia kuliko ya chini kwa mikrosekunde 45 kwa siku (mikrosekunde ni sekunde moja ukiigawa mara milioni). Halafu kwa sababu setilaiti ina mwendo mkali, inachelewa kwa mikrosekunde 7. Inabaki 38. Hesabu hiyo inarekebishwa kwenye mfumo wenyewe. Bila hivyo, kosa lingeongezeka zaidi ya kilomita 10 kila siku, na mimi ningekuwa nawagawia watu viwanja katikati ya kijiji cha wenzao.

Saa ni nzima, siyo mbovu. Muda wenyewe ndio haulingani. Nilipomweleza, mzee akacheka: "Kumbe ardhi yetu mnaanza kuipima mbinguni!" Usiku ule sikulala vizuri.

Haya, nipeni ya kwenu. Nataka yaliyokukuta wewe. Mambo ya Freemason yana uzi wake, tusichanganye.

Mama Mbarali

Mkuu, mimi ni Rujewa, tarehe 1 Septemba 2016, siku ya kupatwa kwa jua. Watu walijaa kutoka kila kona, mpaka wazungu. Miwani maalumu haikutosha, tulikuwa tunapokezana kama kikombe cha kahawa. Karibu saa sita mchana jua likawa pete, kama dakika tatu hivi. Mwezi siku hiyo ulikuwa mbali kidogo na dunia, ndiyo maana ulishindwa kuliziba lote.

Lakini kilichonishangaza mimi hakikuwa juu. Nilimpeleka mwanangu mdogo chini ya mwembe asije akaharibu macho, akaanza kupiga kelele: "Mama, pete! Pete chini!" Nikatazama. Vile vidoa vya mwanga vinavyopenya kwenye majani vyote vilikuwa pete. Mamia. Mwalimu mmoja aliyekuwa karibu akatuambia kila tundu dogo kati ya majani linachora picha ya jua. Siku za kawaida vidoa vile ni vya duara kwa sababu jua ni la duara, siyo kwa sababu matundu ni ya duara.

Umri wote huo nakanyaga picha za jua nikidhani ni mwanga tu. Sasa hivi siwezi kupita chini ya mti bila kuangalia chini, majirani wanadhani nimeangusha hela.

Seremala Msomi

Kijana wangu alipokuwa kidato cha tatu alirudi akaniambia, "Baba, hiyo meza yako ya mninga karibu yote ni tupu." Nikamwambia kama ni tupu ingiza kichwa kitokee upande wa pili.

Akanifafanulia. Mwanasayansi Rutherford mwaka 1911 alionyesha kuwa karibu uzito wote wa atomu umejikusanya kwenye kiini kidogo sana katikati. Ukiikuza atomu iwe uwanja mzima wa Mkapa, kiini ni kama punje ya mtama pale kati. Nikaitazama randa yangu. Miaka ishirini nimesugua utupu na nikalipwa.

Mwl. Fizikia

Seremala, umeeleza vizuri, ila "tupu" isikupotoshe. Kule kati ya kiini na ukingo hakuna nafasi wazi kama chumba kisicho na vitu, elektroni zimetanda kama wingu. Na ugumu wa mninga unatoka hukohuko: wingu la elektroni za mkono wako linasukumana na la meza, tena kuna sheria kwamba elektroni mbili haziwezi kukaa katika hali moja. Ndiyo maana kichwa hakikupita. Kijana wako yuko sahihi na wewe uko sahihi.

Dogo Janja 255

Mimi naamini tuko ndani ya gemu, kuna mtu anatuchezesha.

Seremala Msomi

Huyo wa gemu kwake umeme haukatiki?

Mtoto wa Ngomeni

Mie ni wa pwani ya Kenya, kaskazini ya Malindi. Hapo kwetu baharini kuna majukwaa ya chuma, Waitaliano walikuwa warusha roketi. Babu alikuwa na mashua, na sie wajukuu twaona ni makopo ya kutu tu.

Siku moja niko chuoni, mhadhiri akataja setilaiti iitwayo Uhuru. Iliruka hapohapo kwetu, tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ndipo ikapewa jina hilo. Kazi yake kutazama eksirei za angani, maana hewa yazizuia zisifike chini, hata uwe na darubini ya namna gani huzioni. Ikaorodhesha vyanzo zaidi ya 300. Kimoja chaitwa Cygnus X-1: nyota yazunguka na kitu kisichoonekana, kizito mno, na wataalamu wakaanza kusema hili basi ni shimo jeusi, yaani kitu chenye uvutano mkali hata mwanga hautoki.

Nilitoka darasani nikampigia babu simu. "Babu, wajua yale makopo yalisaidia kupata shimo angani?" Akanijibu, "Wallahi, sie walituambia tusivue karibu."

Chenga za Zamani

Wa miaka ya themanini na tisini mnakumbuka kupanda juu ya bati kuzungusha antena. Chini wanapiga kelele: "Hapohapo! Aaah, umepitiliza!" TV inaleta chenga, mpira unaendelea, unasikia goli na hulioni.

Ukubwani nikajifunza kwamba sehemu ndogo ya zile chenga, kama asilimia moja, ni mwanga uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga, miaka takriban bilioni 13.8 iliyopita. Umepoa sana, lakini umejaa kila mahali. Wanasayansi wawili, Penzias na Wilson, waliunasa kule New Jersey kwa antena kubwa, hawakujua ni nini, wakadhani ni kinyesi cha njiwa waliotaga ndani. Wakasafisha. Mvumo ukabaki palepale. Mwaka 1978 wakapewa tuzo ya Nobel.

Baba alinichapa kwa ajili ya chenga zile.

Nahodha Mstaafu

Nimesoma yote. Mimi Pemba, nimevua tangu utoto. Marehemu baba alinifundisha Kilimia, kile kishada cha nyota: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nimekitumia maisha yangu yote kama wengine wanavyotumia kalenda.

Mjukuu wangu akaniambia mwanga wa Kilimia husafiri miaka kama 440 mpaka utufikie. Yaani huu ninaouona leo uliondoka kabla Wareno hawajaanza Fort Jesus mwaka 1593. Nikamuuliza, "Sasa hivi kule kukoje?" Akasema, "Babu, hata hiyo 'sasa hivi' ya huku na ya kule hazilingani."

Nikamwambia aniachie hapo, kwanza nimalize kushona wavu.

Mpima Viwanja (mleta mada)

Nahodha, mzee wa Ihumwa angekuelewa sana. Wengine leteni, usiku bado.