Kikundi cha Familia: Zuhura Avae Nini Jumatano?

Jumapili jioni

Zuhura: Shikamooni wakubwa wote, na wenzangu hamjambo. Nimeitwa kwenye usaili Jumatano saa nne asubuhi, katika kampuni ndogo ya Mikocheni, hapa hapa Dar es Salaam, inayotengeneza programu za simu, kwa nafasi ya mbunifu wa michoro. Ujumbe wao umeeleza kila kitu, kuanzia namna ya kufika hadi kazi ninazotakiwa kuonyesha, lakini kuhusu mavazi wameandika tu kwamba ni "mavazi huru". Niliwapigia simu kuuliza, na dada aliyepokea akaniambia nivae ninavyojisikia. Jibu hilo limenichanganya kuliko nilivyokuwa kabla ya kupiga.

Baba Mkubwa: Marahaba binti yangu, na hongera. Mimi nimetumika serikalini mpaka nikastaafu, na sijaona usaili usiokuwa na mavazi yake. Mwaka 2007 ulitoka waraka wa mavazi kwa watumishi wa umma, na hata kabla ya waraka huo mtu aliyekwenda kuomba kazi alijua kwamba nguo za kubana na fulana zenye maandishi zinabaki nyumbani. Nashauri sketi nyeusi ndefu, blauzi nyeupe, koti, na viatu vyeusi vinavyofunika vidole. Hayo maneno ya kujisikia huru ni adabu ya mwenyeji tu. Mgeni akiambiwa ajione yuko kwake, haendi kufunua vyungu jikoni.

Hamisi: Shikamoo Baba Mkubwa. Kwa ofisi ya serikali au benki maneno yako hayana kasoro, lakini naomba nieleze hali ya ofisi kama yetu ya hapa Kijitonyama, ambayo nadhani haitofautiani sana na hiyo ya Mikocheni. Mkurugenzi wetu huja kazini na jinzi na raba, na wengi wetu tunavaa fulana za kola, zile za fomu sikisi. Kuna kijana aliyekuja kwenye usaili kwetu amevaa suti nyeusi na tai, na kila mtu aliyepita mapokezi alidhani ni mgeni kutoka kampuni ya bima. Hakunyimwa kazi kwa sababu ya suti, tena tuko naye mpaka leo, ila saa nzima ya usaili alikuwa akivuta kola ya shati badala ya kutuangalia.

Baba Mkubwa: Basi kosa ni la kola, Hamisi, wala si la suti. Angemwona fundi kabla ya kwenda.

Hamisi: Nakubali. Lakini Baba Mkubwa, ninyi wenyewe enzi za Ujamaa mlivaa kaunda suti, tena za mikono mifupi na bila tai, na mkaingia nazo kwenye vikao vizito. Aliyezoea suti ya Kizungu pengine aliwaona mmekuja na mavazi huru.

Baba Mkubwa: Kaunda suti ilikuwa na mstari wa pasi uliosimama wima, na ndiyo maana tuliheshimika. Hata hivyo hoja yako nimeisikia.

Dada Asha: Poleni, nimechelewa kusoma. Zuhura mdogo wangu, kazi yangu benki ni rasilimali watu, kwa hiyo mimi hukaa upande wa pili wa meza. Kampuni inaposema mavazi huru, inazungumzia zaidi desturi ya watu wake ambao tayari wana kazi, ambao sura zao na uwezo wao vimeshajulikana. Wewe bado hujulikani. Jitahidi kujua wanavaaje siku ya kawaida ya kazi, kisha wewe panda juu yao kidogo, kiasi cha kuonekana umejiandaa lakini bado mtu akikutazama anaweza kukuona umekaa nao pale wakifanya kazi. Ukipanda sana unakuwa mgeni wa bima kama huyo wa Hamisi, na ukilingana nao kabisa, anaweza kutokea msaili mmoja mwenye umri wa Baba akaona umeichukulia siku hiyo kama siku nyingine yoyote.

Zuhura: Nimeangalia ukurasa wao wa Instagram, Dada, na katika picha karibu zote wamevaa jezi.

Hamisi: Hizo ni picha za bonanza, mdogo wangu. Kampuni hizi hupiga picha siku za michezo na siku za keki, na siku ambayo watu wanafanya kazi kweli hakuna anayekumbuka kushika kamera. Usivae kwa kufuata picha hizo.

Dada Asha: Kama kesho huna shughuli nyingine, pita mtaa ule saa saba mchana. Watu wa ofisi wakitoka kwenda kwa mama lishe utawaona walivyo, na hutakuwa na haja ya kumuuliza mtu.

Jumatatu mchana

Zuhura: Nimepita. Wavulana wengi wamevaa jinzi na fomu sikisi, na mmoja ana tisheti yenye katuni. Mzee mmoja, ambaye kwa wengine walivyompisha getini nadhani ndiye mkubwa wao, alikuwa na shati la mikono mirefu alilolikunja hadi kwenye viwiko, pamoja na suruali ya kadeti. Wasichana nimewaona wawili: mmoja amevaa gauni la kitenge na raba, na mwenzake amejifunga mtandio kama mimi, na suruali na blauzi ndefu. Sikuona koti hata moja.

Baba Mkubwa: Shati la mikono mirefu. Mmemsikia huyo mkubwa wao alivyovaa?

Hamisi: Amelikunja, Baba Mkubwa.

Shangazi Mwanahawa: Nimekaa kimya tangu jana kwa sababu mnazungumza kana kwamba mtoto atapaa kutoka Kimara hadi Mikocheni bila kugusa chini. Mimi niko hapa sokoni Karume kwenye mitumba yangu na belo la suruali za kadeti limefunguliwa leo, na kabla sijamwekea yake nataka tuizungumzie njia. Atapanda mwendokasi asubuhi, mabasi yamejaa, atashuka kituo cha Morocco, kisha achukue bajaji au daladala. Huu ni mwezi wa tatu, joto halijaondoka na masika yanabisha hodi, kwa hiyo atatoka jasho na huenda akakanyaga tope, yote hayo kabla hajaonana na msaili. Zuhura, usivae blauzi ya kijivu wala ya buluu ya mawingu, kwa sababu rangi hizo zikipata jasho kila mtu ataliona kwapani. Nyeupe au buluu iliyokoza inasitiri. Kitambaa kiwe cha pamba. Poliesta inang'aa vizuri dukani, lakini mwilini inahifadhi joto na harufu, na kitani ni kizuri mno ila ukikaa kwenye kiti cha basi unasimama umekunjamana kama uliyelala nacho.

Mama: Ahsante wifi. Mimi nilikuwa nawaza sketi ile ndefu ya buluu, kwa sababu sijamzoea Zuhura na suruali kwenye mambo mazito.

Dada Asha: Mama, sketi ile naipenda, lakini inabana magotini. Kampuni za namna hii huweza kumpa kazi ya kufanya palepale, asimame kuchora ubaoni, au akae kwenye viti virefu visivyo na mahali pa kuegemea. Akiwa na suruali isiyobana na blauzi inayofika katikati ya mapaja, amejisitiri na anaweza kukaa popote bila kujivuta nguo.

Mama: Ikiwa blauzi ni ndefu, mimi sina neno. Shemeji unasemaje?

Baba Mkubwa: Mama mtu ukiwa umeridhika, mimi ni nani wa kubisha? Ila isiwe jinzi. Hilo naliomba kwa dhati.

Hamisi: Hapo tuko pamoja, Baba Mkubwa. Jinzi atavaa siku akishaajiriwa, na siku hiyo hakuna atakayemtazama.

Mama Mdogo Saumu: Salaam kwenu nyote. Mimi kama fundi nina jambo moja ambalo naona mmelipita. Mtoto anakwenda kuomba kazi ya ubunifu, kazi ya rangi na mistari, halafu mnamvisha suruali ya kadeti na blauzi nyeupe, jambo ambalo ni sawa, lakini hakuna hata kitu kimoja mwilini mwake kitakachoonyesha kwamba ana jicho. Nilimshonea kizibao cha kitenge chenye bitana, ambacho rangi zake alizichagua mwenyewe na hata mpangilio wa vipande aliuchora yeye kwenye karatasi. Kizibao kile juu ya blauzi nyeupe kinatosha. Kisiongezwe kingine chenye maua, wala mtandio wa rangi nyingi.

Zuhura: Nilikitamani tangu mwanzo, Mama Mdogo, ila niliogopa nitaonekana nimekwenda harusini.

Dada Asha: Ungeonekana hivyo kama lingekuwa gauni zima pamoja na kilemba. Kizibao peke yake hakipigi kelele, na kikileta swali utakuwa na la kujibu, kwa sababu utaeleza ulivyozipanga rangi. Wengi wanaokuja kwetu hukwama pale wanapotakiwa kujieleza wao wenyewe. Mtandio uwe wa rangi moja, ule wa pamba usioteleza, ili usishike pini muda wote.

Shangazi Mwanahawa: Saumu umenena. Suruali nimeshaiweka pembeni, buluu iliyokoza, ni gredi ya kwanza na haina hata uzi uliofumuka. Zuhura, pitia kwangu jioni uijaribu, kisha uipeleke Magomeni kwa Mama Mdogo akupunguzie pindo, kwa maana hao waliokuwa nayo mwanzo walikuwa warefu.

Zuhura: Ahsante sana Shangazi. Na viatu? Nina raba nyeupe na nina vile vyeusi vipya vya kisigino kidogo, ambavyo sijawahi kuvivaa.

Mama: Vipya usivivae. Vitakutoa malengelenge kabla hujafika Magomeni.

Hamisi: Raba nyeupe kwangu ni sawa kabisa kwa ofisi ile, mradi ziwe nyeupe kweli, na mvua ikinyesha hazitakuwa.

Dada Asha: Chukua moka zangu za kahawia, mguu wetu ni mmoja na nimeshazilainisha. Ziweke kwenye mfuko ndani ya begi la kompyuta, safiri na kandambili au raba za zamani, na ubadilishe kabla hujafika getini. Wafanyakazi wengi wa mjini wanafanya hivyo msimu wa mvua na hakuna anayewashangaa.

Mama: Nami nitamfukizia nguo udi usiku wa kuamkia Jumatano.

Dada Asha: Mama, naomba usimfukizie. Chumba cha usaili ni kidogo, kiyoyozi kinawaka na madirisha yamefungwa. Harufu ambayo sisi tunaiona ya heri inaweza kumpandisha mtu mafua, na yeye ndiye mwenye kalamu ya alama. Aoge, apake dawa ya kwapa, basi. Na bangili azivue, kwa sababu zikigonga meza kila anapoonyesha kitu kwenye kompyuta, watasikiliza bangili.

Mama: Udi nimeuacha. Lakini ubaki mkijua kwamba siku ya kwanza ya kazi ni yangu.

Jumanne usiku

Zuhura: *(picha)* Nimevaa kila kitu kama mlivyoelekeza. Pindo la suruali limekaa vizuri na moka hazinibani.

Mama Mdogo Saumu: Geuka kwa upande, kisha inua mikono yote kama unayeandika juu ya ubao, na utume picha nyingine.

Zuhura: *(picha)*

Mama Mdogo Saumu: Kama nilivyodhani. Ukiinua mikono kizibao kinapanda na kifungo cha juu kinavuta. Usikifunge kabisa, kiache wazi, kitashuka chenyewe. Sasa kaa kitini uangalie kama suruali inaacha kifundo cha mguu wazi mno.

Zuhura: Iko sawa, inafika juu kidogo ya kiatu.

Baba Mkubwa: Nimeitazama picha kwa miwani. Nasema kweli, nilidhani nitaona kitu cha ajabu, lakini umependeza na una heshima yako. Nimeona pia kwamba suruali ina mifuko miwili ya mbele, kwa hiyo simu na kadi ya mwendokasi vitakaa mwilini na hutahitaji mkoba wa pili. Hilo sketi isingekupa, nakiri. Nimekutumia nauli ya bajaji kutoka Morocco, usigombanie daladala na nguo hizo.

Hamisi: Zipige pasi usiku huu huu, mdogo wangu. Umeme ukikatika alfajiri tutaanza kutafutiana mkaa wa pasi ya Bibi.

Mama: Nimeshazipiga, zimetundikwa nyuma ya mlango. Kizibao nimekipiga kwa ndani ili kitenge kisipauke.

Zuhura: Nawashukuru nyote. Shangazi, suruali nitakurudishia Alhamisi nikishaifua.

Shangazi Mwanahawa: Nani amekuambia uirudishe? Ukipata kazi utanilipa kwa mshahara wa kwanza, na wasipokuchukua hao, utaivaa kwa watakaofuata. Kalale, nawe Hamisi acha kumtumia picha za katuni usiku huu.