Mrejesho: nilikwenda kwenye kundi la vijana walioasiliwa

Wakuu, mrejesho kama nilivyoahidi. Niliuliza kama mimi, kijana wa miaka 19 niliyeasiliwa nikiwa mchanga, nijiunge na kundi la wenzangu, au nitawavunja moyo wazazi walionilea. Wengi mlisema nenda. Nimekwenda mara nne.

Siku ya kwanza sikufungua mdomo. Tulikaa duara, watu tisa, na anayeongoza naye ameasiliwa, hakuja kutuchambua. Binti mmoja akasema kinachomkera ni daktari kuuliza, "Kuna kisukari kwenye familia?" Kila mara anajibu "sijui", na kila mara anakodolewa macho. Nilicheka mpaka machozi, maana swali hilo nalijua. Mwingine alishakutana na mama aliyemzaa, akarudi na maswali mengi kuliko aliyokwenda nayo. Hakuna aliyemwambia ashukuru tu. Neno hilo, "shukuru", limenichosha tangu utotoni (nashukuru, jamani, lakini si kila siku!). Kumbe si mimi peke yangu.

Mama nilimwambia baada ya mara ya pili. Alinyamaza, akaingia chumbani, akarudi na bahasha ya karatasi zangu za mahakama. Miaka yote aliitunza akisubiri niulize. Baba bado hajazoea, tunampa muda.

Kumtafuta aliyenizaa? Bado. Uliyenishauri nianze na kundi kwanza, asante, uliniokoa na pupa yangu. Jumamosi narudi, na safari hii ni zamu yangu kuongea.