Riwaya yangu ya mapenzi ya China ya kale inakwenda taratibu mno, naombeni ushauri

Kalamu ya Ijumaa:
Wakuu, habari za jioni. Naandika riwaya ya mapenzi na kuituma kwenye kundi la WhatsApp, sehemu moja kila Ijumaa. Ipo Chang'an, mji mkuu wa China enzi za utawala wa Tang (618–907). Shen Lan ni binti wa muuza karatasi karibu na Soko la Magharibi. Du Heng katoka mkoani kuja kufanya mtihani wa kuingia utumishi wa serikali. Tumefika sehemu ya 18 na hawajashikana hata mkono. Wasomaji wanalalamika, wengine wamejitoa. Mmoja kaniambia nimtoroshe Lan usiku akakutane na Heng bustanini. Mimi nayapenda mapenzi ya taratibu kwa moyo wote, ila naogopa kubaki peke yangu kundini. Nibadilishe?

Binti Pangani:
Pole mwandishi. Mimi ni msomaji tu, nakuomba usimtoroshe. Lakini nikuulize: ni nini kinachowazuia? Nikiona watu wanatazamana wiki baada ya wiki na hakuna kilichowashika, nami huchoka.

Kalamu ya Ijumaa:
Aibu tu, dada. Kingine hakuna.

Mzee wa Simulizi:
Hapo ndipo ulipokwama, na dawa unayo humo humo Chang'an. Mji ule uligawanywa mitaa yenye kuta, kila mtaa na malango yake. Jioni ngoma zikilia malango yanafungwa hadi alfajiri, na aliyekutwa barabara kuu usiku bila ruhusa alichapwa viboko 20. Mpangishe Heng mtaa mwingine. Amekuja kununua karatasi, maneno yamekolea, mara ngoma hizo, na lazima awahi lango. Kila mazungumzo yao yatakatwa na sauti ambayo msomaji ataanza kuichukia. Halafu inafika Sikukuu ya Taa, katikati ya mwezi wa kwanza, marufuku inaondolewa na wake kwa waume wanatembea usiku. Mikono ya kanzu zao ikigusana kwenye ule umati, watu watakupigia simu.

Mama Wawili:
Usisahau posa. Na wao walikuwa na mshenga, bila yeye ndoa haiendi. Taratibu zilikuwa sita: kupeleka posa, kuuliza jina la binti, kupiga ramli kama nyota zinapatana, kupeleka mahari, kuomba tarehe, kisha bwana harusi kwenda mwenyewe kumchukua mkewe. Zawadi yao ilikuwa bata bukini wa mwituni, ndege anayeondoka na kurudi kwa majira yake. Ukitaka kizuizi kinachouma, baba yake Heng afariki mahari ikishapokelewa. Maombolezo ya mzazi yalikuwa miezi 27, na aliyeoa ndani ya muda huo alihukumiwa miaka 3 ya kazi ngumu. Heng anarudi kwao. Posta ya serikali haikuwa ya watu wa kawaida, kwa hiyo barua itategemea msafiri anayeelekea huko. Lan atajuaje kama bado anapendwa?

Binti Pangani:
Mama Wawili, umenitoa machozi na riwaya sijaisoma. Ila mwandishi, miezi 27 usituandikie mwezi kwa mwezi. Lan ni binti wa muuza karatasi: kila msimu amtengee Heng rundo moja la karatasi safi, aliweke rafuni. Tukiona marundo tisa tutajua muda umekwisha.

Kalamu ya Ijumaa:
Nimesoma huku natetemeka. Bustani nimeifuta. Du Heng anahama leo, kuvuka mitaa minne kutoka dukani, na sehemu ya 19 inaanza na ngoma. Binti Pangani, hayo marundo tisa nakuomba, nitayatumia.

Binti Pangani:
Yachukue. Na mimi niingize kwenye kundi.