Datsun 240Z ya 1973 au Porsche 911 SC ya 1978: ninunue lipi?

Bonde_la_Ufa ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Ninaomba ushauri wa watu waliowahi kukaa na magari haya na kuyatengeneza, kwa sababu sifa za kwenye picha nimekwisha kuzisoma za kutosha. Nimeweka akiba kwa muda mrefu ili nipate gari moja la mbio la kizamani, na hapa Nairobi nimeonyeshwa mawili ambayo hayafanani kwa lolote isipokuwa idadi ya silinda.

La kwanza ni Datsun 240Z ya mwaka 1973. Injini yake iko mbele, ni ya lita 2.4 yenye silinda sita za mstari, karbureta mbili (za kuchanganya petroli na hewa) na gia tano. La pili ni Porsche 911 SC ya mwaka 1978, yenye injini ya lita 3.0 iliyotundikwa nyuma ya ekseli ya nyuma, silinda zake zimelazwa tatu upande huu na tatu upande ule, na hupozwa kwa hewa na mafuta bila rejeta. Yote mawili yana usukani wa kulia na logibuku za hapa nchini, kwa hiyo masuala ya bandarini na ushuru hayanihusu. Mwenye Porsche anataka bei inayozidi ile ya Datsun kwa zaidi ya nusu. Ninaweza kuilipa, ila nikishailipa sitabakiwa na kitu kikubwa cha matengenezo.

Matumizi yangu ni haya: asubuhi za Jumapili nitelemke Mai Mahiu hadi Naivasha na kurudi, mara chache kwa mwaka niende Mombasa, na mara moja moja niingie barabara za murram upande wa Kajiado, kwa mwendo wa kujifurahisha na si wa kushindana. Ikiwezekana, siku moja nilipeleke kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse. Nimekulia katika nyumba ambamo kila Pasaka redio haikuzimwa mpaka matokeo ya Safari Rally yatangazwe, na nadhani mnaelewa kwa nini moyo unaivuta Datsun huku akili ikiniambia kwamba Porsche ndiyo gari lililoundwa vizuri zaidi. Je, akili yangu inasema kweli? Na hizi habari kwamba 911 humgeukia dereva kwenye kona ni za kweli kiasi gani?

Fundi_Changamwe amejibu:

Mzee wangu, shikamoo. Kwa maoni yangu chukua Datsun, na sababu zangu zinatoka gereji. Injini ya 240Z ni ya ukoo wa L, ukoo uleule uliotumika katika Datsun 1600 na 180B ambazo mafundi wengi wa pwani na bara walijifunzia kazi. Ina kamshafti moja juu (mhimili unaofungua vali), kichwa cha alumini, bloku ya chuma, na ukifungua boneti unaona kila kitu na mkono unaingia. Kurekebisha vali ni kazi ya asubuhi moja kwa fundi mwenye spana mbili na fila geji, kile kipimo cha nafasi nyembamba. Sehemu nyingi zinazochakaa, kama gasketi, plagi, pampu ya maji na klachi, hupatikana bila kusubiri ndege ya Ujerumani.

Jambo moja kuhusu karbureta, kwa kuwa umesema utashuka Mombasa. Gari lililosetiwa Nairobi, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 ambako hewa ni nyepesi, hupunguziwa petroli ili lisitoe moshi mweusi. Likifika usawa wa bahari hewa huwa nzito, mchanganyiko unakosa petroli, injini inapata joto kupita kiasi na inaweza kuanza kutoa mlio wa kugongagonga ndani ukiikanyaga sana. Kwa hiyo kabla ya safari mwambie fundi azifungue nati zilizo chini ya karbureta kwa kiasi kidogo, au ziachwe na petroli ya ziada kidogo tangu Nairobi na wewe uvumilie ulaji wa mafuta. Nimepokea magari ya namna hii yakiwa yamechemka, mwenyewe analaumu rejeta, kumbe rejeta ni nzima.

Adui wa kweli wa 240Z ni kutu. Chuma chake ni chembamba, na miaka ile Nissan, waliounda Datsun, hawakukikinga kama inavyofanywa leo. Usitazame rangi. Toa betri uangalie chini ya trei yake, kwa kuwa asidi hula pale hadi kwenye fremu. Lala chini uguse reli zinazopita chini ya sakafu, kisha inua kapeti za mbele. Angalia pia nyuma ya mlango, pale bodi inapokutana na tao la gurudumu, kwa sababu sehemu hiyo hujazwa poda ya kuzibia mashimo na kupakwa rangi ikapendeza kabisa. Chukua sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa uipitishe hapo. Ikiteleza bila kushika, ujue unauziwa poda. Kama gari liliwahi kuishi Mombasa, angalia mara mbili.

Silinda_Sita amejibu:

Ninamheshimu Fundi, na alichosema kuhusu kutu ni sahihi tupu, lakini kutu hiyohiyo ndiyo hoja yangu ya kwanza ya kuitetea Porsche. Kuanzia magari ya mwaka 1976, bodi yote ya 911 ilitengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Haina maana kwamba haioti kutu, hasa kama iliwahi kugongwa na kunyooshwa ovyo, lakini gari la 1978 lililotunzwa huwa na mifupa mizima kwa namna ambayo Datsun ya umri huo haiwezi kuifikia bila kuchomelewa.

Hoja ya pili ni historia, kwa sababu watu huitaja nusunusu. Ni kweli Datsun 240Z ilishinda Safari mwaka 1971 kwa mkono wa Edgar Herrmann, na Shekhar Mehta akashika nafasi ya pili kwa gari kama hilo, kisha Mehta mwenyewe akashinda mwaka 1973. Ni kweli vilevile kwamba 911 haikuwahi kushinda Safari ya zamani. Lakini ilimaliza ya pili mwaka 1972 kwa Sobiesław Zasada, ya pili mwaka 1974 kwa Björn Waldegård, na ya pili tena mwaka 1978 kwa Vic Preston Jr., ambaye aliendesha SC, yaani aina hiihii unayouziwa, ikiwa imeinuliwa na kuimarishwa. Gari linaloweza kufika mara tatu katika nafasi ya pili kwenye matope na mawe ya nchi yetu si gari la kuogopwa kwa udhaifu. Na katika East African Safari Classic, ambako magari ya kale hurudi kwenye barabara hizihizi, Waldegård alishinda kwa 911 mwaka 2011 na Stig Blomqvist mwaka 2015. Rejeta ambayo haipo haiwezi kutobolewa na jiwe.

Sasa kuhusu mkia, yaani ile habari ya 911 kumgeukia dereva kwenye kona. Habari hizo ni za kweli, na asiyekuambia hivyo hakutakii mema. Takriban asilimia 60 ya uzito wa 911 iko nyuma. Ukiingia kwenye kona kwa kasi, ukashtuka na kuinua mguu ghafla kutoka kwenye mafuta, uzito unahamia mbele, magurudumu ya nyuma yanapoteza mshiko, na injini ile nzito inataka kukupita. Dawa yake ni nidhamu: funga breki ukiwa bado umenyooka, ingia polepole kuliko unavyodhani, kisha kanyaga mafuta mapema na kwa utulivu, maana mafuta ndiyo yanayoikalisha nyuma chini. Ukiizoea, utatoka kwenye kona ya murram ukiwa na msukumo ambao Datsun haina, kwa sababu ule uzito unaokutisha ndio unaoyabana magurudumu ya nyuma ardhini. Datsun ina uzito uliogawanyika karibu nusu kwa nusu. Mkia wake huteleza polepole, na hukupa muda wa kufikiri.

Ila kuna mambo manne ya kuangalia katika SC kabla hujatoa hata shilingi moja. Bolti ndefu zinazoshikilia vichwa vya silinda, hasa za upande wa chini kwenye egzosi, hukatika. Fundi akifungua kifuniko cha vali anaweza kuona au kuzigusa, na moja ikiwa imekatika injini nzima ni lazima ishuke. Vikaza-cheni vya taimingi vya miaka ile hufa ghafla, na wamiliki wengi waliviondoa wakaweka vya aina iliyokuja na Carrera ya mwaka 1984, ambavyo hulishwa mafuta na injini yenyewe. Uliza kama hilo limefanyika na uonyeshwe risiti. Boksi la hewa la plastiki hupasuka injini ikirudisha mlipuko wakati wa kuwaka asubuhi, kwa hiyo hakikisha limewekewa vali ya kupumulia. Na giaboksi: ingiza gia ya pili ikiwa bado baridi, ikikwaruza, ringi zake za kulainisha uingiaji wa gia zimekwisha.

Binti_wa_Safari amejibu:

Wote wawili wamesema vizuri, lakini naona kila mmoja amejibu kuhusu gari analolipenda, na muuliza swali ametaja jambo moja ambalo hawajaligusa: kwamba akinunua Porsche hatabakiwa na fedha za matengenezo. Kwangu mimi hilo ndilo jibu. Kushusha injini ya SC na kubadilisha bolti zile ndefu ambazo Silinda_Sita anazitaja kwa utulivu kama vile ni plagi (na kwa kawaida zikikatika chache hubadilishwa zote) ni kazi inayoweza kuliegesha gari kwa mwaka mzima kama mfuko umekauka. Nimeliona 911 zuri sana likikaa chini ya turubai Westlands hadi tairi zikapasuka ubavuni, kwa sababu mwenyewe aliweza kulinunua lakini hakuweza kulitunza.

Kuhusu raha ya safari ndefu, sitayapamba magari yote mawili. Ndani ya 240Z utasikia harufu ya moshi wa egzosi ukifungua kioo, kwa sababu upepo hukatika nyuma ya gari na kuuvuta moshi uingie kupitia mpira wa mlango wa nyuma. Badilisha mipira yote na tatizo hupungua sana. Ndani ya 911 hita hutumia joto la egzosi, na vali zake zikishika kutu zikabaki wazi, utashuka Mtito Andei huku miguu yako ikiiva. Muuzaji akuonyeshe kwamba zinafunga.

Silinda_Sita, nikukosoe kidogo kwa heshima: ushindi wa Mehta mwaka 1973 ulikuwa mwembamba mno. Alilingana kwa pointi za adhabu na Harry Källström, naye alikuwa ndani ya Datsun nyingine, na akapewa ushindi kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Kwa maneno mengine, mwaka ule 240Z karibu ishindwe na gari jingine la kiwanda hichohicho. Tusiitukuze kupita kiasi.

Bonde_la_Ufa amejibu:

Nawashukuru sana. Jana nilirudi kwa mwenye Datsun nikiwa na sumaku. Upande wa kushoto ilishika vizuri kote. Upande wa kulia, nyuma ya mlango, iliteleza sehemu ya upana wa kiganja. Chini ya betri ni safi, na reli za sakafu zinaonekana nzima, ingawa moja imebonyezwa na jeki. Muuzaji amekubali kuteremsha bei. Kwa upande wa Porsche, nilipouliza kuhusu vikaza-cheni, mwenyewe alisema injini haijawahi kuguswa tangu itoke kiwandani, na alilisema kwa fahari. Fundi, poda ya ukubwa ule inaweza kurekebishwa, au nikimbie?

Fundi_Changamwe amejibu:

Ukubwa wa kiganja haunitishi, ilimradi ni pale tu. Kipande hicho hukatwa, hufinyangwa kingine kwa bati la unene uleule, kikachomelewa kwa gesi taratibu ili bodi isijikunje. Ila usikubali muuzaji akufanyie kazi hiyo kabla ya kukukabidhi, kwa kuwa atapaka poda juu ya poda. Punguza gharama hiyo kwenye bei, nunua, halafu lichomelewe mbele ya macho yako. Na ile injini ya Porsche isiyoguswa kwa zaidi ya miaka 40, mimi ningeisikiliza ikiwashwa baridi alfajiri, kabla jua halijaipasha, boksi la hewa likiwa limefunguliwa nikaona kama limeungwa kwa gundi. Kama hakubali uende alfajiri, basi amekwisha kukujibu.

Silinda_Sita amejibu:

Kwa hilo nakubaliana na Fundi bila ubishi. Ukienda, usisahau kupima mafuta ya injini jinsi 911 inavyotaka: injini ikiwa moto, ikiwa inanguruma, gari likiwa mahali tambarare. Mwenye gari akichomoa kijiti injini ikiwa imezimwa na baridi, kisha akakuambia kiwango ni kizuri, utajua limetunzwa na mtu wa namna gani.